Mdomo wa Kuazima

4 Machi
Maktaba ya shule

Kaka,

Shikamoo. Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, na nakuandikia wewe kwa sababu uko mbali na hutaniangalia usoni ukilisoma. Nikiomba, sisikii kitu. Si kwamba namkasirikia Mungu, wala sijasoma kitabu kibaya, wala hakuna rafiki aliyenipotosha, ingawa najua hayo ndiyo Baba atakayoyatafuta kwanza. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi. Unaugusa, unaona ni wako, lakini ungeweza kuwa wa mtu mwingine. Nimengoja ule mchomo wa sindano unaokuja damu ikirudi. Haujaja. Sasa inakaribia mwaka.

Hakuna anayejua, kwa sababu ya kazi uliyoniachia. Mimi ambaye darasani nikiulizwa jina langu natoa sauti ya kuku mgonjwa, pale mbele kanisani sauti inatoka yenyewe, kwa kuwa maneno si yangu. Mhubiri mgeni anasema kwa lugha yake, mimi naigeuza. Unaikumbuka sheria yako ya kwanza uliyonifundisha: mkalimani hasemi "anasema kwamba". Anasema "mimi". Basi Jumapili iliyopita nilisimama na sketi yangu ya shule nikawaambia watu, "Mimi nilikuwa mlevi wa kulala mitaroni, mke wangu akanikimbia," na hakuna aliyecheka. Mama Kwaya alilia. Baada ya ibada akanishika mkono, "Mwanangu, ulipofika pale kwenye mke, mwili wote ulinisisimka." Nikasema ahsante mama. Nilikuwa nawaza kama nimeanua nguo.

Watu wamepungua, hilo Baba hatakuandikia. Vijana wengi hawaji tena. Hawakugombana na mtu, wana mpira, wana masomo ya ziada, wengine wanalala tu. Shemasi wa Viti siku hizi anaviachanisha viti ili ukumbi uonekane umejaa. Zamani ukipiga chafya unamchafua wa mbele. Sasa ukitaka kumwazima mwenzako kitabu cha nyimbo inabidi uinuke.

Sasa kilichonifanya niandike. Baba ametangaza kwamba nitabatizwa Jumapili ya mwisho ya Aprili. Alisema mbele ya wote, "Huyu binti amekuwa mdomo wa wengine. Sasa tutamsikia mwenyewe." Watu wakapiga makofi. Mama ameshaanza kushona lile vazi jeupe, amenipima mabega mara mbili kwa furaha tu.

Unamjua Baba na yale maswali yake matatu. Unaamini? Unaukataa uovu? Umekuja kwa hiari yako? Aliliacha kanisa la babu, lililobatiza hata vichanga, kwa ajili ya swali hilo la tatu, akaanza na watu wachache sebuleni. Mtu akisema hapana, Baba humpa mkono na kumkaribisha chai. Anachokiogopa ni ndiyo ya uongo. Anasema ndiyo ya kuazima ni kulowa bure. Kwa hiyo nikisema ndiyo nitamdanganya katika kitu kimoja anachokithamini kuliko vyote, na nikisema hapana nitakuwa kiti kingine kitupu, tena cha mwanawe.

Wewe ulipojibu, ulisikia nini? Barua zako Baba anazisoma ibadani na watu wanasimama. Nifundishe unavyofanya. Usimwambie mtu. Nijibu kwa anwani ya shule, mwalimu wa maktaba atanitunzia. Kwenye simu ya nyumbani siwezi, unajua inawekwa spika na Baba anakaa katikati kama mwamuzi.

Mdogo wako,
Kimya

*

20 Machi

Kwa Baba na Mama, na ndugu wote kanisani,

Nawasalimu katika jina la Bwana. Mimi ni mzima wa afya, kwa neema yake. Baridi bado ipo lakini tunashinda. Kazi ya useremala inaendelea vizuri, siku hizi tunashughulika na majengo ya kale. Nawakumbuka katika maombi kila siku, na najua nanyi mnanikumbuka. Msichoke kutenda mema.

Naambatanisha picha yangu nikiwa ndani ya kanisa moja la huku, ili mwone kwamba sijapotea.

Wenu katika imani,
Fundi

*

20 Machi

Kimya,

Yako nimeipata. Naona mwandiko wako siku hizi umeacha kutambaa, umeanza kutembea.

Hayo ni mambo ya umri. Kila mtu anayapitia. Kula vizuri, lala mapema, usiwaze sana. Siku ikifika utajibu tu. Mimi nilijibu.

Kaka

*

3 Aprili

Mwanangu,

Amani iwe kwako. Picha imefika. Nimeiangalia mpaka mama yako akasema nitaimaliza rangi. Kanisa kubwa namna hiyo! Dari lenyewe halionekani lilikoishia. Nimeitia fremu na kuitundika mlangoni, kila anayeingia anakutana na wewe kwanza.

Sitakuficha, watu hapa wamepungua kidogo. Ni majira, yatapita. Lakini picha yako imetusaidia. Kulikuwa na maneno kwamba huko ng'ambo watu wameiacha imani na kwamba sisi tumebaki kushika mkia. Nimewaambia, tazameni wenyewe. Huyu ni mwanangu, na hilo ni jengo.

Jambo lingine. Shemasi wa Viti aliviona vile vitu vyeusi ulivyojifunga magotini. Wazee wakaniuliza. Nikawaeleza kwamba huko watu wanaomba kwa magoti muda mrefu hata wamebuni kitu cha kuyakinga. Nakwambia kweli, niliona aibu. Sisi hapa tukipiga magoti kidogo tu watu wanaanza kukohoa. Basi mama yako kachukua mabaki ya kitambaa cha mavazi ya ubatizo, kajaza sponji, kashona vimito vya magoti kwa akina mama wa maombi. Jumatano hii walikaa magotini mpaka mimi mwenyewe ndiye niliyeomba tuinuke. Shemasi anaulizia bei ya hivyo vya kwako, maana goti lake la kushoto limechoka, na anasema vya Mama vinamfanya aonekane kama mtoto anayejifunza kutambaa.

Dada yako anabatizwa mwisho wa mwezi huu. Hasemi kitu, unamjua. Lakini naamini ndani kumejaa. Mwandikie neno la kumtia nguvu, wewe anakusikiliza.

Baba yako,
Mchungaji

*

5 Aprili
Maktaba ya shule

Kaka,

Hivyo vya magotini ni vya fundi wa sakafu. Nimeviona kwa yule bwana aliyeweka vigae kwenye maabara yetu, vina mkanda vilevile. Na shingoni unaning'iniza ile barakoa ya kuzuia vumbi, ambayo Mama anasema ni skafu. Na nyuma yako mabenchi yamepangwa moja juu ya jingine, miguu juu. Na pale ambapo mimbari ingekuwa, kuna nondo nne fupi zimechomoza kutoka sakafuni.

Wote wanaona kanisa. Nimesimama pale mlangoni nikijaribu kuliona wanaloliona, sikuweza.

Kwenye benchi moja kuna neno limeandikwa kwa chaki, kwa lugha ya huko. Baba aliniita. Akavaa miwani, akaweka kidole palepale, "Hebu tusomee, mkalimani." Limeandikwa "Ondoa". Mama alikuwa kando yangu na pini mdomoni. Shemasi alikuwa ameacha kupanga viti. Nikasema limeandikwa "Njoni".

Baba alihubiri juu ya neno hilo Jumapili nzima. Nimegeuza maneno ya watu tangu ulipoondoka na sijawahi kubadilisha hata moja. Hilo ndilo la kwanza. Nilidhani nitatetemeka. Nilienda nikaosha vyombo.

Sitamwambia mtu. Lakini mimi nilikuandikia kweli, na wewe ukaniambia nile vizuri.

Kimya

*

18 Aprili

Kimya,

Nilijua wewe ndiye utakayeona, na bado nikaituma. Sijui kwa nini. Mwenzangu kazini alikuwa anajaribu kamera ya simu yake mpya, akaniambia simama hapo, nikasimama. Jioni nikaitazama nikasema, hii Baba ataipenda.

Kazi yangu ni kuondoa. Kampuni inachukua makanisa yaliyofungwa na kuyageuza kuwa vitu vingine. Hilo la kwenye picha sasa ni ukumbi wa mazoezi. Pale madhabahuni wameweka mashine za kukimbilia, watu wanakimbia huku wanaangalia dirisha la vioo vya rangi, hawafiki. La kabla yake limekuwa nyumba za kupanga. Lilikuwa na birika la ubatizo sakafuni kama letu. Mwenye nyumba hakutaka lizibwe, nikamfunikia kwa kioo kinene, ameweka taa ndani yake na meza ya chakula juu. Mabenchi tunawauzia wenye migahawa. Mbao safi sana, Kimya, mbao ambazo Baba angezishika akazinusa kwanza.

Hakuna aliyewafukuza watu. Siku moja alikuja mzee wa jirani kuangalia tunavyofanya, nikamuuliza ilikuwaje.  Akasema, "Kuna Jumapili mvua ilinyesha, sikuja. Halafu ikawa hivyo." Akaniomba nimfungulie kibati cha namba kwenye benchi alilokuwa akikaa. Nikamfungulia. Akakitia mfukoni kama ufunguo, akaenda zake.

Nilipong'oa benchi la kwanza nilisita, nikangoja. Mimi mtoto wa Mchungaji, na nyundo mkononi. Msumari ukatoka kama msumari wowote. Mchana nikala mkate wangu. Nikarudi nyumbani, nikalala vizuri. Hicho ndicho kilichonitisha, kwamba nililala. Kuhusu ibada, sijaenda tangu mwezi wa pili wa kufika huku. Zile barua naziandika kama wewe unavyohubiri. Ni sauti ya kijana ambaye Baba anamjua.

Uliniuliza nilisikia nini birikani, nikakupa porojo. Jibu ni hili. Nilisema ndiyo mara tatu kwa sauti kubwa, Baba akanikumbatia nikiwa nimelowa chapachapa, na nilichosikia ni baridi. Nilidhani wenzangu wote ni hivyohivyo. Nilidhani ndio ukubwa.

Sasa nakuomba kitu. Sema ndiyo. Ni maneno tu. Umeshasema mazito kuliko hayo kwa niaba ya walevi wasiokuhusu. Ukikataa, Baba atatafuta aliyekuharibu, atafika kwangu, na swali la moja kwa moja la Baba sijui kulikwepa, hata kwenye simu. Ataishusha ile picha mbele ya watu. Mama atavifumua vimito.

Najua hili ni ombi la mwoga. Nimeliandika, nikalichana, nikaliandika tena, na linatoka lilelile.

Kaka

*

1 Mei
Chumbani

Kaka,

Nimebatizwa. Ngoja nikueleze, maana ukiuliza kwenye simu utaambiwa ilikuwa ajabu.

Tulikuwa wanne. Wavulana wawili wa kwaya, yule msichana anayejifunza kushona kwa Mama, na mimi. Mbao ulizotengeneza za kufunika birika zilitolewa, bado zinaingiana vizuri, Shemasi alikusifu. Maji yalijazwa kwa mpira wa bustani tangu asubuhi, yananuka saruji. Baba, kwa kumheshimu mhubiri mgeni, alimwachia yeye maswali, na yeye Baba akakaa kiti cha mbele kama mzazi. Kwa hiyo ilibidi niwe mkalimani kwenye ubatizo wangu mwenyewe. Nadhani hakuna aliyeliwaza hilo, hata mimi.

Nilisimama ndani ya maji hadi kiunoni. Shemasi alinishikia kipaza sauti kutoka ukingoni, kakinyoosha mkono mbali kwa kuogopa umeme. "Tusije tukambatiza mtu kwa shoti," alisema, watu wakacheka. Mgeni anauliza, mimi nageuza, mwenzangu anajibu, mimi namrudishia Mgeni. Wavulana walipita. Msichana wa Mama alipita. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Barua yako nilikuwa nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Nilikuwa nimeamua kusema ndiyo. Nataka ulijue hilo. Niliamua kwa ajili ya picha, na kwa ajili ya Mama, ambaye aliweka mkunjo wa ziada kwenye vazi ili nikinenepa bado linitoshe, kama kwamba mtu hubatizwa kila mwaka.

Mgeni akanigeukia akaniuliza kwa lugha yake. Nikaugeukia ukumbi, nikatafsiri kwa sauti safi kabisa: "Je, unaamini?" Halafu nikangoja mtu ajibu.

Kaka, nilingoja kweli. Nilitazama viti nikimtafuta anayeulizwa. Nikamwona Mama Kwaya amefumba macho, Mama na pini zake begani, vile viti vilivyoachana. Nikawaza huyu naye anachelewesha watu. Kisha nikaona wote wananitazama mimi.

Mdomo ulikuwa wazi. Neno lilikuwa fupi. Halikuja, na lile la kukataa nalo halikuja. Akina mama wa maombi wakaanza chini chini, "Amezidiwa, amezidiwa." Mmoja akapaza sauti, "Naamini!" Ukumbi mzima ukaitikia, "Naamini!" Mgeni hajui lugha yetu, alinitazama nimwambie wamesema nini. Nikamwambia. Akatabasamu, akauliza la pili, nikaligeuza, ukumbi ukajibu. La tatu, umekuja kwa hiari yako, nikaligeuza, ukumbi ukajibu kwa hiari yake. Akanizamisha.

Ulisema kweli, ni baridi.

Nilipotoka Mama alinifunga taulo, analia na kucheka. Mama Kwaya akasema hajawahi kuona Roho akimfunga mtu ulimi namna ile. Walikuja wengi kunishika mikono. Baba hakuja. Alikuwa amepiga magoti ukingoni anarudisha zile mbao moja moja, bila haraka, wakati hiyo si kazi yake.

Siku zilizofuata alikuwa mpole mno. Ananipitishia chumvi kabla sijaiomba. Jana nilikuwa naanika lile vazi uani, akaja akasimama upande wa pili wa kamba, namwona miguu tu, na viatu vyake vya wazi vya kukanyagia uani.

Akasema, "Hukujibu."

Nikabana kibanio kingine kwenye kamba.

"Nilikuwa kiti cha mbele. Nimebatiza watu tangu hujazaliwa. Namjua anayejibu na namjua anayetafsiri."

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

"Hiyo ndiyo yako au ya kunitoa hapa?"

Sikujua.  Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa ya mtu anayeuliza bei ya kitu akijua hawezi kukinunua. Akasema, "Kesho jioni, baada ya chakula, nitabisha chumbani kwako. Nitakuuliza mara moja, hapa hakuna Mgeni, hakuna kipaza sauti. Utakachosema ndicho nitakachokibeba." Akaanza kuondoka, akarudi. "Kaka yako amekuandikia nini siku hizi?"

Nikasema, "Anatusalimia."

"Anasali bado?"

Kaka, niliona vidole vya miguu yake vinajikunja ndani ya viatu. Nikafikiri labda picha ile ameiangalia muda mrefu kuliko sisi sote. Nikasema, "Muulize mwenyewe, Baba." Akasema, "Eeh," akaenda.

Basi hilo limebaki kwenu wawili. Sikukutaja na sitakutaja. Lakini siwezi kukusemea tena, na siwezi kumsomea "Njoni" mara ya pili. Nadhani ungefanya vizuri kupiga simu kabla hajaandika. Mwambie aondoe spika.

Kuhusu langu, sina maneno mengi. Nitamwambia sisikii kitu. Nitamwambia sijui kama kitarudi. Nimejaribu kulisema kwa lugha ya darasani, linakaa vizuri, linasikika kama jibu la mtihani. Nikilisema kwa lugha ya nyumbani linanikwama kooni, kwa hiyo nadhani lugha ni hiyo. Sijui atafanyaje. Yule aliyemkatalia mwaka juzi alimpa chai, lakini yule hakuwa mwanawe.

Chakula kimeisha. Kutoka hapa nasikia viti vya plastiki vinaburuzwa ukumbini mwa kanisa, ng'ambo ya ua. Anavisogeza. Nadhani anavisogeza vikaribiane, sauti inazidi kuwa fupi. Sasa amezima taa ya ukumbi. Sasa ni viatu vyake kwenye korido ya nyumba, kile cha kulia kina mkanda uliolegea, unakijua, kinapiga makofi.

Mama alinishonea na mimi jozi ya vimito. Kimoja aliacha upande mmoja bila kuufunga, uzi ulimwishia. Karatasi hii inaingia mle ndani ya sponji nikiikunja. Nimeshaanza kuikunja huku naandika, ndiyo maana mistari imepinda. Yaliyomo humu ni yako, ndiyo maana nayaficha. Langu halimo.

Nimeukalia mguu muda wote huu. Nikisimama utachoma.

Amebisha